Majembe Yaliyompigia Kura Nyumba

Shangazi Damari wa Sepuka hakuwahi kuogopa mtu, isipokuwa wiki ile ya mwaka 1965, baada ya uchaguzi. Nilimkuta amefunga furushi: kanga, mkeka na kibuyu chake cha maziwa. Alisema akipelekwa jela hataki kwenda mikono mitupu.

Kosa lake lilikuwa kugawa majembe. Mzungu mmoja, mtaalamu wa kilimo, aliyaleta kama msaada kabla ya mvua za mwaka uliotangulia, na shangazi, kiongozi wa wanawake, akayagawa. Nani angejua kwamba baadaye wagombea wawili wangepewa alama, mmoja Jembe, mwingine Nyumba? Wa Jembe alishinda jimbo. Wa Nyumba akalalamika serikalini kwamba wageni wamenunua kura. Majirani zetu, kwa woga wao wa kijinga, wakaacha hata kuja kuomba moto kwa shangazi. Iliniudhi sana.

Basi akaja afisa kutoka Dar es Salaam, jina lake Ignas. Akampa shangazi shikamoo, akakaa.

"Mama, tunataka kujua kama nchi ya nje imetuchagulia mbunge. Yule mzungu alisema kura mumpe nani?"

"Alisema tulime uwele, mwanangu. Na hata hilo lilitushinda."

Akaingia ndani, akatoka na jembe lake. Lilikuwa limejikunja kama sikio la mbuzi. Akawaita wanawake wenzake, Yustina na Hana, nao wakaleta yao, yamejikunja vilevile.

"Ardhi yetu ngumu," shangazi akasema. "Tumeishia kukorogea udongo wa kuezekea nyumba zetu za tembe. Msimu mzima tumeyalaani. Siku ya kura, nani angechagua jembe tena?"

Ignas alicheka mpaka akafuta machozi. "Sanduku la Sepuka lilimkataa Jembe, na mimi sikuelewa kwa nini. Kumbe kama ilikuwa hongo, aliyefaidi ni Nyumba. Mama, huna kesi."

Nilidhani shangazi atapiga vigelegele. Alikaa chini, akalia. Nami nikalia, kwa raha tupu.

Kisha akalifungua furushi, akatoa kibuyu alichokuwa aende nacho jela, akamimina maziwa, akampa Ignas.

"Kunywa, baba," akamwambia. "Safari yako ni ndefu. Yangu imeahirishwa."