Neno la Kitabu cha Tatu

Wabwile, mtunza ghala la mbegu pale Kitale, alifiwa na mke mapema, na tangu hapo alizungumza na magunia zaidi kuliko alivyozungumza na watu. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kwao Sirisia, na njiani hakukosa kutua Bungoma, dukani kwa Savitri, kununua kifungo. Ndiyo, kifungo. Hakuna shati lenye vifungo vingi hivyo, lakini tusimuumbue.

Yalianza mwaka 1986. Savitri, mjane aliyeuza vitambaa na nyuzi pamoja na kaka yake Ranjit, alimfungia vifungo kwa karatasi aliyoichana kwenye kijitabu cha zamani. Wabwile akaisoma palepale kwa sauti: "Lana in aqua est."

"Imeandikwa rana," Savitri akasema. "Rana ni chura. Lana ni sufu, hii iko kwa shelfu. Sasa wewe umetupa sufu yangu kwa maji!"

"Si ndiyo nimesema, bana? Lana!"

Wakacheka wote wawili. Wabwile alikuwa hajacheka tangu mazishi.

Kilikuwa Kilatini, ambacho Savitri alifundishwa na masista huko Kisumu. Vijitabu vilikuwa vitatu, vya wanaoanza: cha kwanza sentensi za maneno matatu, cha pili visa vifupi, cha tatu hadithi ndefu ambazo hata yeye hakuzifikia, maana alitolewa shule akaozwa. Hakuchana tena. Shule ikafunguliwa juu ya kaunta, na Wabwile akawa anamwita Mwalimu.

"Mane," Mwalimu alimfundisha siku moja, "ni asubuhi."

Mwaka 1990 Ranjit akauza duka. Wangehamia Uingereza mwisho wa mwezi uliofuata. Savitri akampa Wabwile kitabu cha tatu, akisome kwa niaba yake.

Alikisoma katikati ya magunia, kidole kikifuata mstari. Karibu na mwisho, askari anabeba mzigo wake kwenda vitani, na mkewe anamwambia neno moja mlangoni: Mane. Asubuhi? Haikuingia akilini. Akafungua orodha ya maneno nyuma ya kitabu, akakuta lina maana mbili: asubuhi, na baki, yaani usiondoke.

Hilo ndilo alilotaka kumwambia Savitri. Kwa Kiswahili asingethubutu kulitamka, mtu mzima yeye, tena mbele ya Ranjit. Kwa Kibukusu, lugha ya kwao, Savitri asingelielewa. Kwa Kilatini aliliweza, na alilirudia njia nzima mpaka Bungoma.

Alikuta shelfu tupu. "Mwalimu," akasema, "mane."

Savitri akatabasamu. "Ee, asubuhi! Kesho mapema tunatoka. Umekumbuka!"

Angeweza kumweleza. Lakini Ranjit alikuwa pale anafunga sanduku kwa kamba, na aibu ni kitu kibaya sana. Wabwile akaomba kifungo. Hakikubaki hata kimoja.

Miaka minne alisoma peke yake, akijisahihisha lana na rana bila wa kumcheka. Upweke ulimla, sitaupamba. Kisha barua ikaja, kupitia sanduku la posta la ghala.

"Bwana Wabwile," Savitri aliandika, "nimepata kile kitabu cha tatu kwa maktaba ya huku. Jana nimefika kwa yule askari. Siku ile hukuwa unasema asubuhi. Mbona hukurudia hilo neno?"