Lamiat wa Mapishano

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani hapendi kucheleweshwa. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba habari za Lamiat nazisimulia nikiwa bado na hasira kidogo, maana kwa ajili yake nilimfikishia bibi harusi gauni lake wageni wakiwa wamekwisha kula na kunawa.

Tramu yetu ya Bangkok ilikuwa na reli moja tu. Bibi yangu aliikuta ikivutwa na farasi. Siku farasi walipoondolewa na waya wa umeme ukatundikwa juu, mtaa mzima uliinama kuchungulia uvunguni mwa behewa kuona farasi wamefichwa wapi, na mzee mmoja, kwa huruma, akaacha fungu la majani kituoni. Farasi wakaenda, umeme ukaja, reli ikabaki ile ile moja. Kwa hiyo hapa na pale paliwekwa mapishano, yaani kipande kifupi chenye reli mbili. Tramu ya kutoka juu inaingia pembeni na kungoja ya kutoka chini, zinapishana, kila moja inakwenda zake. Dereva akijitia kiburi akaondoka kabla ya mwenziwe kufika, watakutana uso kwa uso mbele ya safari, na mmoja atarudi kinyumenyume huku abiria wakimtukania ukoo.

Kwenye mapishano ya nyuma ya soko la Bang Rak, mama yake Lamiat aliweka kibanda cha kahawa. Lamiat alikirithi pamoja na birika, viti vifupi na ulimi. Aliuza kahawa ya barafu, na wali wa kunata wenye ndizi ndani, uliofungwa kwa jani la mgomba. Watu husema subira huvuta heri. Kwa Lamiat, subira ilikuwa ya wengine na heri ikawa yake. Tramu ikichelewa, anauza. Isipochelewa, anakaa na chakula chake. Wadogo zake wote aliwasomesha kwa uchelewaji wa watu, na hakuona haya kusema hivyo.

Umri wake ulikuwa umepita thelathini na hakuwa ameolewa, wala si kwa kukosa wa kumtaka. Walimtaka madereva wawili. Wa kutoka juu aliitwa Sanguan, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kuibembeleza tramu yake ikipanda daraja. Wa kutoka chini aliitwa Chit. Huyo alikuwa na nywele za mafuta, mluzi, na imani kubwa juu ya vyote viwili.

Sasa fikiria mwenyewe. Dereva anayefika kwanza ndiye anayengoja, na anayengoja anakaa na Lamiat. Mwenziwe akitokea tu, njia iko wazi, lazima aondoke. Mapenzi yao yote yalikuwa ndani ya muda wa kumngoja adui.

Basi wakaanza mbio. Siku moja Sanguan aliingia mapishano na kuruka chini kabla tramu haijatulia.

"Kaka Sanguan, mbona jasho hivyo?" Lamiat akamuuliza. "Umeivuta kwa mikono?"

"Ni kiu tu, dada."

Hajashika glasi, kengele ya Chit ikalia. "Kiu utaimalizia mbele, mzee!" Chit akapaza sauti. "Njia nyeupe! Ondoka tupishane!"

Kesho yake Chit akaongeza kasi. Keshokutwa Sanguan naye akaongeza. Baada ya majuma machache wakawa wanaingia mapishano pamoja kama waliofungwa kamba moja, wanatupiana jicho, wanapita. Tangu farasi mpaka umeme, tramu ile haikuwahi kuwahi namna hiyo. Kampuni ikawapa wote wawili kofia mpya. Mimi nilifurahi mno, nikawasifu mbele za watu.

Jioni moja Lamiat akaja kwangu na kapu limejaa wali wa kunata.

"Kula, shoga," akasema. "Biashara yangu yote hiyo. Kula kabla haijachacha."

"Wateja wamekwenda wapi?"

"Wamewahi kazini! Hakuna anayengoja hata kwa kupenga kamasi. Mwezi ukiisha hivi, nafunga kibanda cha mama yangu."

"Si uchague mmoja, mbio ziishe?"

"Nikimchukua Chit, Sanguan atakuwa anapita hapa amenuna kama amebeba maiti. Nikimchukua Sanguan, Chit atawaambia abiria wake kahawa yangu ina mende. Sitaki kuchagua, shoga. Nataka wachelewe!"

Asubuhi iliyofuata, tramu zote mbili zilipoingia mapishano, alisimama juu ya kiti.

"Kaka zangu, mbio zenu zimenichosha! Mwisho wa mwezi huu nitaolewa na mmoja wenu. Lakini sikilizeni vizuri. Atakayefika wa mwisho siku nitakayoitaja, huyo ndiye mume wangu. Na siku yenyewe naweza kuitaja wakati wowote!"

Abiria wa Chit wakapiga makofi. Mimi nikaona giza.

Siku ile ile mchana, tramu ya Sanguan ilisimama kwenye kona ya duka la rehani, karibu kabisa na mapishano lakini nje yake. "Imechoka, maskini," akasema, akiipapasa. Upande wa pili, kwenye ukuta wa hekalu, Chit aliinua miguu akaanza mluzi. Kila mmoja akamtuma kondakta wake kuchungulia kama mwenziwe ameingia. Nyuma yao tramu nyingine zikajipanga mpaka usizione mwisho.

Abiria tukashuka tukatembea, na mguu ukatupeleka wote kibandani. Waliotoka juu wakakutana na waliotoka chini, wakaulizana habari za wajomba, wakacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Barafu ikaisha, ikaletwa nyingine, ikaisha. Lamiat akaazima mabenchi ya hekaluni. Ikawa hivyo siku mbili. Uso wake uling'aa, na siku ya tatu mimi nilitamani kumnyonga, maana siku hiyo nilikuwa na gauni la harusi mapajani.

"Mjomba Sanguan, sogea!" nilimfokea. "Bibi harusi yuko ndani ya khanga!"

"Haraka haraka haina baraka, mama," akanijibu kwa upole.

Siku hiyo hiyo akaja mkaguzi wa kampuni, Bwana Prayun. Alikuja kwa miguu, kwa kuwa tramu hazikuwepo, akaketi kujionea mwenyewe, akaagiza kahawa. Akaagiza ya pili. Ya tatu ilipofika, akasema:

"Dada, mzizi wa fitina ni kibanda chako. Glasi hii ikiisha na tramu zile hazijatembea, vijana wangu wanakibomoa leo hii."

Lamiat akaliweka birika chini.

"Mama yangu alinizalia hapa nyuma ya birika, bwana mkubwa," akasema.

"Pole sana," akasema mkaguzi, akapiga funda.

Nikasahau gauni. Nilikimbilia kona ya duka la rehani, na kondakta wa Chit akakimbilia ukuta wa hekalu. Baadaye alitusimulia jibu la Chit: "Waache wakibomoe. Nikishamuoa nitamjengea jiko nyumbani, anipikie mimi peke yangu."

Sanguan nilimkuta amelala usingizi juu ya mpini wa kuendeshea tramu.

"Wanabomoa kibanda, mjomba!"

"Cha Lamiat?"

"Cha Lamiat! Usipoingia sasa hivi hakipo!"

Akautazama mpini. "Nikiingia kwanza, nimemkosa."

"Umemkosa," nikasema.

Akavua kofia mpya ya kampuni, akajifuta uso nayo, akakanyaga kengele. Tukaingia mapishano. Glasi ya Bwana Prayun ilikuwa imebaki barafu na kidole kimoja cha kahawa.

Ndipo akaja Chit, polepole, amesimama mbele ya tramu kama bwana harusi, anapunga mkono huku na huku. "Wa mwisho ni mimi! Dada Lamiat, itaje siku, nami nimeshafika! Mashemeji, karibuni!"

"Haya, nimeitaja, ni leo," Lamiat akasema. "Lakini ngoja kidogo, kaka."

Akachukua birika lake, akatembea kandokando ya reli mpaka konani, akasimama huko kidogo kama anayenusa hewa, akarudi bila haraka yoyote. Akaingia mapishano.

"Wa mwisho ni mimi," akasema. "Kwa hiyo nimejioa mwenyewe. Haya, pigeni vigelegele."

Vikapigwa, mpaka ndege wakaruka hekaluni.

"Huo ni wizi!" Chit akapiga kelele.

"Nenda kanishtaki. Lakini leo uwahi."

Bwana Prayun alicheka mpaka akapaliwa. Akasema kibanda kibaki, maana yeye akija tena kukagua atakaa wapi? Akainua glasi yake kuomba nyingine, na benchi zima likainua pamoja naye.

Sanguan hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa wima kwenye tramu yake, mkono kwenye mpini, macho mbele kwenye reli, hathubutu kumwangalia mtu. Lamiat akamwendea. Akapanda, akaketi kwenye kiti cha ngozi cha daraja la kwanza, birika mapajani.

"Njia nyeupe, dada," Sanguan akasema bila kugeuka. "Inanibidi niende."

"Nenda basi. Mimi nipo."

Akageuka. Akamtazama, akalitazama birika, akawatazama watu wote wale wenye glasi mikononi wakimwita Lamiat, Lamiat, kahawa.

"Na wateja wako?"

"Waache wangoje," alisema Lamiat.