Joho Lililongoja Desemba

Nilimwambia Jenifa achukue uhakimu. Sikumwambia kwa mafumbo. Nilimkalisha nje ya ofisi ya kata ya Mogitu, mwaka 2010, gazeti likiwa mapajani mwangu, nikamwonyesha kwa kidole: nafasi za mahakimu wa mahakama za mwanzo, shahada ya sheria inatosha. Shahada alikuwa nayo, ameipata Mwanza mwaka uliotangulia. Katika kata yetu hakuna msichana wa Kibarbaig aliyewahi kurudi na karatasi kama ile.

Mimi ni mtu wa Dongobesh, nimeolewa huku, na sina tabia ya kujipendekeza kwa mtu. Lakini yule binti nilimpenda. Likizo zake za chuo alikuja kujifunza kazi kwenye baraza la kata, ambako mimi ni katibu. Alinakili mihtasari yangu, akasahihisha tarehe nilizokosea, na hakunicheka.

"Ukipata huu uhakimu unaanza kazi mara moja," nikamwambia. "Hiyo shule ya sheria ya Dar es Salaam ni mwaka mzima tena kwenye dawati. Halafu mitihani inayofelisha watu wenye akili zao. Halafu ungoje kuapishwa. Hujachoka kusoma?"

"Nimechoka, mama Efrazia. Lakini baba anataka wakili."

Baba yake ni mzee Gidahosh, na huyo mzee ana kichwa kigumu ambacho sijaona mfano wake. Alipokuwa kijana, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kule bondeni, na familia yake ikaondolewa malishoni. Alisomewa karatasi asiyoielewa, akaambiwa imeshapita. Alichobaki nacho ni boma lake hapa Mogitu na ekari tatu zinazogusa barabara, zenye kisima na kaburi la baba yake. Kaburi lenyewe ni lile tuta la udongo ambalo wao huliita bung'eda, na halijengwi kwa kila mtu. Akaapa kwamba mtoto wake mmoja atajua karatasi. Wavulana walikuwa na ng'ombe wa kuchunga, basi shule ikamwangukia Jenifa. Watu husema mzee alimpenda kuliko wote. Mimi nasema alimtoa yule aliyekuwa hana kazi naye, mapenzi yakaja baadaye.

Jenifa akaenda Dar es Salaam. Uhakimu akauacha. Nilinuna wiki nzima.

Sasa, hizo ekari tatu ndizo zilizokuwa na kesi. Wakati ule magreda yalikuwa yanachimba barabara ya Babati kwenda Singida, na kila mtu alishajua kwamba lami ikifika, bei ya ardhi ya kando ya barabara haitashikika. Nicodemo, mfanyabiashara wa mahindi wa Katesh, akaleta barazani karatasi inayosema marehemu mdogo wake Gidahosh alimuuzia zile ekari kabla ya kufa. Alitaka kujenga ghala. Nilikwenda kuona vigingi alivyokuwa ameshachomeka. Lile kaburi la baba yake Gidahosh lilikuwa katikati kabisa, yaani pale pale magunia yangepangwa.

Mtu mwingine angeomba shauri lisikilizwe upesi. Gidahosh yeye aliomba liahirishwe. Mara ng'ombe anaumwa, mara kuna msiba, na mara ya tatu akasema ukweli wake: "Ningojeni mwanangu amalize. Atakuja na joho, amseme huyu mtu mpaka akimbie."

Hapo ndipo nilipotamani kumtikisa mabega. Kwenye mtoto wa meza yangu kulikuwa na kitabu cha sheria ya migogoro ya ardhi, na kitabu kilisema wazi: wakili haruhusiwi kumsemea mtu kwenye baraza la kata. Ndugu anaruhusiwa, kama mwenye shauri mwenyewe akiomba. Yaani mzee alikuwa anangoja binti yake afikie mahali ambapo hataweza tena kumsaidia. Jenifa aliijua sheria hiyo tangu siku zile za kunakili mihtasari yangu, na alimwambia baba yake. Mzee akacheka. "Wakili azuiwe kusema? Hayo ni maneno ya watu wa Nicodemo." Binti wa Kibarbaig habishani na baba yake mara mbili, basi Jenifa akanyamaza, akiombea shauri liishe kabla hajamaliza shule.

Nicodemo naye alikijua hicho kifungu. Nilikuja kugundua nilipomwona mnadani Katesh. Alimkuta Gidahosh katikati ya watu, akavua kofia, akainama. "Shikamoo, baba wakili." Mzee akavimba. Wiki iliyofuata tena, mbele ya watu wengi zaidi. "Shikamoo, baba wakili. Mwanasheria wetu hajambo?" Alimvika kilemba cha ukoka, na mzee akatembea nacho Mogitu nzima. Nilijua Nicodemo anakusanya mashahidi wa huo uwakili. Sikusema kitu, maana nilikula kiapo cha kutopendelea upande.

Julai 2011, mwenyekiti wetu, mzee Herman, akachoka. Akapanga Jumanne, akasema hakuna ahirisho lingine hata akifa ng'ombe wa nani. Nikampigia Jenifa simu.

"Jumanne hiyo hiyo?" akauliza. "Mama Efrazia, Ijumaa kabla yake ndiyo tunaapishwa. Nimefaulu yote. Jina langu liko kwenye orodha."

"Hongera," nikasema.

"Na kuna ofisi ya mawakili Arusha wamenipa nafasi. Wanataka niwe nimeshaapishwa. Nikikosa Ijumaa hii, ni mpaka Desemba." Nilisikia magari ya Dar nyuma yake. "Shauri haliwezi kurudishwa nyuma hata siku tano, kabla sijaapishwa?"

"Mwenyekiti amekataa."

"Ingekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi ni katibu wa baraza," nikasema. "Sishauri mtu mwenye shauri." Nikakata simu kabla mdomo haujanifukuzisha kazi, kisha nikamgombeza mume wangu kwa kosa ambalo hata silikumbuki.

Ile Ijumaa, Gidahosh alichinja. Pombe ya asali ilimwagika, wazee wakaja, na Nicodemo akaja pia, akanywa kuliko wengine. Mzee akasimama na fimbo yake: "Leo, saa hizi, mwanangu anavaa joho Dar es Salaam. Kuanzia leo Mogitu ina wakili." Nicodemo akapiga makofi wa kwanza.

Jumanne ukumbi wa kata ulijaa mpaka madirishani. Gidahosh alikuwa amevaa shuka mpya. Saa tatu, Jenifa hayupo. Saa nne, hayupo. Simu yake haipatikani, na yule mzee simu hana. Tuliambiwa magreda yamezuia mabasi kule Babati, watu wanashushwa na kuvushwa kwa miguu. Mzee Herman aliangalia saa yake mara tatu. Mara ya nne akafungua faili.

Akaingia wakati huo. Vumbi kichwani mpaka viatuni, mkoba mmoja begani. Akawaamkia wazee wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo. Baba yake akautazama ule mkoba. Najua alikuwa anatafuta joho. Hawakupata nafasi ya kusema neno, maana mwenyekiti aliita shauri hapo hapo.

Gidahosh akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba atasema kweli. Mwenyekiti hakumwomba aape hivyo, alitaka mwenyewe. Kisha akasema, "Naomba binti yangu anisemee."

Nicodemo akasimama taratibu, kama mtu aliyekuwa anangojea chakula chake kiive.

"Mwenyekiti, napinga. Huyu ni wakili. Sheria inakataza wakili kumsemea mtu hapa. Katibu anacho kitabu, asome."

Nikasoma. Nilipomaliza nikamwona Gidahosh uso umembadilika. Kumbe aliyoambiwa na binti yake yalikuwa kweli. Mwaka mzima alikuwa amejichimbia shimo mwenyewe.

"Binti," mwenyekiti akauliza, "wewe ni wakili?"

"Hapana, mzee wangu."

Ukumbi ukaguna. Nicodemo akacheka. "Muulizeni baba yake. Ijumaa tumekunywa pombe yake, wote humu. Ametangaza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Na sasa ameapa kwa kaburi."

Mzee Herman akamgeukia Gidahosh. "Tunakuuliza wewe. Na mtu akimfundisha jibu namtoa nje. Binti yako ni wakili, ndiyo au hapana?"

Mimi kalamu yangu ilikuwa hewani. Nilimwelewa yule mzee, maana nimekaa nao miaka ishirini. Akisema ndiyo, binti anatoka, na kaburi linakwenda, maana mwenyewe hajui kusimama mbele ya karatasi. Akisema hapana, ni nani atamwamini? Na kama ni uongo, ameutia kwenye kaburi la baba yake. Mtu wa Kibarbaig anaweza kupoteza ekari tatu akaishi. Lakini akivunja kiapo kile, haishi vizuri.

"Naweza kumuuliza yeye swali moja?" akasema.

Mwenyekiti akakubali.

"Ijumaa hawakukuvika joho?"

"Hawakunivika, baba."

Halafu akaligeukia baraza, na sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo sikujua anayo. "Basi nilitangaza kitu ambacho sikukiona kwa macho. Nilikuwa najisifu. Mliokunywa pombe yangu, nimewadanganya, mnisamehe. Huyu si wakili. Ni mtoto wangu tu. Naomba mtoto wangu anisemee."

Kuna watu walicheka kule dirishani. Niliwaona ni kina nani, na mpaka leo siwasalimii.

Nicodemo akadai ushahidi. Jenifa akatoa barua mkobani, akaileta mezani kwangu badala ya kumpa mwenyekiti. Nikaisoma kimya. Nikaisoma tena. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama, na nikaelewa anachoniomba. "Barua hii ina muhuri," nikasema. "Inaonyesha kwamba Ijumaa hakuapishwa." Sikusema zaidi. Barua ikapita kwa wajumbe, wakaangalia muhuri na tarehe. Ilikuwa na Kiingereza kingi, hakuna aliyehangaika nacho.

Akamsemea baba yake. Hakutumia maneno makubwa ya Dar es Salaam.

"Mzee Nicodemo, siku uliyonunua, nani alikuonyesha mipaka?"

"Marehemu mwenyewe."

"Kaburi lilikuwa ndani ya mipaka au nje?"

"Ndani."

"Ukauliza ni la nani?"

Nicodemo akakohoa.

"Wewe umekaa na sisi tangu ujana wako. Umewahi kusikia Mbarbaig mdogo akiuza kaburi la baba yao, kaka yake mkubwa akiwa hai, bila kumwita hata awe shahidi?"

Wajumbe sita walikwenda kuangalia lile tuta, wakarudi, wakajifungia. Wanne walisema ardhi ni ya Gidahosh. Wawili walisema ni ya Nicodemo. Nikaandika, na mwandiko wangu wa siku ile ni mbaya kuliko wote kwenye lile daftari.

Nje, mzee hakushangilia. Alisimama kando ya ukuta, watu wakapita wakimpa mkono, wengine wakimnong'ona. Walipopungua alimwendea binti yake. Akamfuta vumbi begani kwa ncha ya shuka yake mpya.

"Wamekufelisha," akasema. "Basi. Hata hivyo njoo nyumbani, maziwa yapo."

Jenifa akainamisha kichwa. Kumbe na yeye ana kile kichwa cha baba yake. Angemwacha mzee aamini hivyo mpaka Desemba, kuliko kumwambia mbele ya watu alichomgharimu.

Hapo nikaona imetosha. Shauri lilikuwa limekwisha, na kiapo changu hakikusema kitu kuhusu mambo ya nje ya ukumbi. Nikarudi ndani, nikatoa barua kwenye faili, nikaacha nakala, nikaja nayo.

"Mzee Gidahosh, binti yako hajafeli. Nitakusomea kwa Kiswahili."

"Mama Efrazia, usisome," Jenifa akasema.

Nikasoma. Jenifa Gidahosh, aliyefaulu mitihani yote, anaomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya watakaoapishwa Ijumaa, lisogezwe mpaka Desemba. Sababu: baba yake ana shauri la ardhi kwenye baraza la kata, na akishaapishwa hataruhusiwa kumsemea. Ombi limekubaliwa.

Mzee akanyosha mkono kuelekea barua.

"Na Arusha?" nikamuuliza Jenifa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza.

"Nafasi wamempa mwingine. Walinitumia ujumbe jana nikiwa kwenye basi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia mzee, na Nicodemo, na kitabu changu, na yule mtoto mwenyewe aliyeacha uhakimu kwa ajili ya joho, kisha akaacha joho kwa ajili ya tuta la udongo. Nilitaka kusema, nilikuambia. Nikamtazama Gidahosh, nikalimeza.

Alikuwa ameichukua barua mkononi mwangu, ameishika juu chini. Nikaigeuza.

"Pale kwenye baba," akasema. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Wameandika hivyo? Dar es Salaam kabisa, wakubwa wale wameona hilo neno?"

"Wameona."

Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la shuka. Hakunirudishia, na mimi sikumdai. Desemba alipanda basi na binti yake, fimbo mkononi, akaenda kuona joho kwa macho. Siku hizi Jenifa ana ofisi ndogo Katesh, na watu wakimwambia mzee kwamba mwanawe ni wakili, husema hajui mambo hayo, wakamuulize mwenyewe.