Samaki Mwenye Watoto Mdomoni

Wifi yangu hajawahi kumjibu mtu swali papo kwa papo, na jambo hilo limenikera tangu siku kaka yangu alipomleta nyumbani. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniuliza nguo itakuwa tayari lini nasema Ijumaa, hata kama kitambaa bado sijakikata, na maisha yanaendelea. Yeye ukimuuliza kitu, kwanza anakitazama. Unaweza kuzeeka unasubiri.

Tunagawana chumba kimoja cha biashara kinachotazama barabara. Upande wa mlango ni cherehani yangu, meza ya pasi na nguo za watu. Upande wa ndani ni matangi yake ya kioo yenye samaki wa mapambo, na juu yake rafu za miche iliyopandwa kwenye makopo ya rangi. Watu wanamwita Mama Samaki. Mimi wananiita Fundi, ila kuna wakorofi wanaoniita Mama Samaki Mdogo, na hao nguo zao huchelewa.

Shule ikifungwa mchana, watoto wanajaa mlangoni na maswali yao. Samaki analala? Anakunywa maji? Mvua ikinyesha baharini, samaki analowa? Radi ikipiga wanaisikia? Mti ukikatwa tawi unaumia? Wifi ana jibu moja tu: "Vuteni kigoda, tuangalie." Basi watakaa pale na mabegi yao mgongoni mpaka mmoja agundue kwamba yule samaki wa rangi ya machungwa amesimama karibu na jiwe kwa muda mrefu, mapezi yanachezacheza kidogo tu, macho wazi kwa kuwa hana kope za kufumba.

"Analala macho wazi," mtoto atasema kwa sauti ya chini.

"Haya, umejijibu," atasema wifi, na yule mtoto atakwenda kwao anatembea kama mkuu wa mkoa.

Lipo pia kopo la kifauongo, ule mmea ambao ukiugusa majani yanajikunja yote na kujifanya yamekufa, ukigeuka yanafumbuka taratibu. Wifi anamruhusu kila mtoto kugusa jani moja tu. Anasema kujikunja nako ni kazi, mmea unachoka. Mimi nilikuwa nawaambia watoto waziwazi kwamba samaki ni kitoweo na majani ni chakula cha mbuzi, waende nyumbani mama zao wanawatafuta. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Wifi alikuwa anacheka tu.

Halafu macho yakaanza kumsaliti. Presha ya macho, wenyewe wanaiita. Jicho moja lilizima kabla hajatuambia, na la pili likawa linaingiwa na ukungu. Daktari hakumficha: kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Kaka yangu ni dereva wa malori na siku hiyo alikuwa safarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyempokea. Nilimtengenezea chai nikasubiri alie, nimbembeleze. Hakulia. Alizungusha kikombe mikononi akasema, "Wifi, kuna kitu kimoja sijawahi kukiona. Nataka nikione kabla giza halijafika."

Kitu chenyewe ni hiki. Kuna aina ya samaki ambao jike akitaga mayai huyaokota yote kwa mdomo na kuyaweka humo humo mdomoni. Humo ndimo yanamoanguliwa, na watoto wanakua humo, na muda wote huo mama hali kitu. Siku ikifika anafungua mdomo, wanatoka. Wifi alikuwa amefuga majike kadhaa, na kila mara bahati ilimpita. Mmoja alimeza mayai yake kwa hofu baada ya mtu kugonga kioo. Mwingine aliwatoa siku tuliyokuwa msibani, tukarudi tukakuta wameshatawanyika tangi zima.

Sasa kulikuwa na jike mwingine. Wa kahawia, hana hata rangi ya kujivunia, ila taya limevimba. Wifi alikuwa amemtenga kwenye tangi dogo la kona.

"Huyo ana jipu," nikamwambia. "Mtoe kabla hajaambukiza wenzake."

"Ana watoto. Njoo umtazame kwa chini, mwanga ukiwa nyuma yake."

Nilikwenda kwa kumridhisha tu, maana pasi ilikuwa ya moto na suruali ya mtu iko mezani. Nikainama. Ngozi ya kidevu cha yule samaki ni nyembamba, mwanga unapenya, na nyuma yake niliona vidoti vyeusi, viwili viwili, vinatikisika. Yalikuwa macho. Kundi zima la watoto ambao hawajawahi kutoka nje walikuwa wananitazama kutoka ndani ya mdomo wa mama yao. Nywele zilinisimama. Sijui niliinama pale muda gani, ila suruali ya mtu iliungua, na mwenyewe hadi leo hanisalimii.

Tangu siku hiyo na mimi nikawa napita kwenye ile kona kila nikipata nafasi. Yalikuwa mashindano, na wote wawili tulijua. Taya la samaki lilizidi kushuka, na ukungu kwenye jicho la wifi ulizidi kupanda. Asubuhi moja nilimwona akinyoosha mkono mbele ya uso na kuvihesabu vidole vyake mwenyewe. Nilijifanya natia uzi kwenye sindano.

Siku ya dhoruba, wa kwanza kutuambia alikuwa kifauongo. Saa za mchana, hakuna mtoto hata mmoja dukani, nikaona majani yote yamejikunja. Upepo ulikuwa umeanza kuingia chini ya mlango. Nje anga ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Kisha mvua ikashuka kwa kishindo, mabati yakapiga kelele kiasi kwamba hatukusikizana, na umeme ukakatika.

Hapo ndipo mashine za hewa zilipozima. Matangi yale siku zote yanatoa povu na mlio mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuzoea na kuulalamikia. Sasa hakuna povu. Baada ya muda samaki wakaanza kupanda juu, vinywa wazi, wanatafuta hewa.

"Chukua kikombe," wifi alinipigia kelele sikioni. "Chota, mimina kutoka juu. Maji yakianguka yanaingia na hewa."

Nikachota, nikamimina, tangi hadi tangi. Nilipofika kwenye lile la kona akanishika mkono. "Huyo hapana. Ukimtikisia maji atawameza."

"Nisipomtikisia?"

Yule jike alikuwa juu ya maji, mashavu yanakwenda mbio, na mdomo hauwezi kuufungua maana umejaa wanawe. Wifi akanigeukia, akaniuliza, "Nifanyeje, wifi?" Mtu anayeulizwa na mtaa mzima alikuwa ananiuliza mimi.

Mimi najua vitambaa. Najua utepe wa pamba ukishalowa, maji huteremka nao bila kurukaruka. Nikachana utepe mrefu, ncha moja nikaizamisha kwenye ndoo ya maji iliyokuwa rafuni juu ya tangi, nyingine nikaishusha mpaka ikagusa uso wa maji. Maji yakawa yanateremka na utepe, membamba, kimya, yamekutana na hewa njia nzima. Wifi akaweka mpira mwembamba wa kuyanyonya tena kutoka chini ya tangi hadi kwenye ndoo nyingine sakafuni. Ndoo ya chini ikijaa naipandisha, ya juu ikiisha naishusha. Katikati ya kazi hiyo upepo ukang'oa bati moja upande wangu likabaki linaning'inia, na maji yakamwagikia gauni la bibi harusi niliyemwahidi Ijumaa. Nililitazama likilowa. Nikapandisha ndoo.

Mvua ilipokatika mikono yangu ilikuwa imekufa. Jua lilitokeza pale bati lilipong'oka, likaangukia tangi la kona. Na yule jike, ambaye nilidhani anakufa, alishuka chini taratibu, akatulia juu ya kokoto, akafungua mdomo.

Akatoka mmoja. Akasimama mbele ya uso wa mama yake kama anayesita kuvuka barabara. Kisha wakatoka wote, kundi kwa kundi, nikashangaa mdomo mdogo vile uliwawekaje. Kila mmoja kama punje ya mchele yenye macho. Nimezaa, nimezika, nimesafiri, lakini sijawahi kuona kitu kama kile.

Wifi alikuwa amebandika uso kwenye kioo. "Wametoka?"

"Wametoka. Wamejaa hapo mbele yako."

Alisogeza jicho huku, akalisogeza kule. "Siwaoni," akasema. "Namwona mama yao kidogo, kama kivuli. Wao ni wadogo mno kwangu."

Nilikasirika. Nilimkasirikia daktari, nikalikasirikia lile jicho, nikamkasirikia hata samaki kwa kutozaa watoto wakubwa. Nilianza kumweleza, wana rangi gani, wanaogelea vipi, na maneno yangu yote yalikuwa makavu. Yeye alisikiliza. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akautumbukiza mkono wake ndani ya maji polepole sana, akakikunja kiganja kikawa kama shimo lenye giza, akautuliza pembeni.

"Utawatisha, wifi."

"Kaa kimya."

Lile bati lililokuwa linaning'inia likadondoka sakafuni kwa kishindo. Wale watoto wakageuka wote mara moja, mama akafungua mdomo, wakaingia mbio kama maji yanavyoingia kwenye shimo la sinki. Lakini waliokuwa mbali naye hawakuwa na muda. Waliona giza lililo karibu, wakaingia hilo. Niliwaona kwa macho yangu wakipita katikati ya vidole vya wifi na kupotea kiganjani mwake.

Alishtuka mwili mzima, ila mkono haukusogea.

"Wamo," akasema. "Wifi, wamo ndani. Wananigusa wote."

Machozi yakawa yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta, maana wa pili ulikuwa umeshika tangi. Nikamfuta mimi na kipande cha utepe. Nikamuuliza kama nimsaidie kuutoa mkono, atapata baridi.

"Waache," akasema. "Watatoka wenyewe hofu ikiwaisha."

Umeme ulirudi, mashine zikaanza tena mlio wake, bibi harusi akapiga hodi mlangoni, na wifi bado ameinama pale, mkono ndani ya maji hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa umeanza kumtetemeka kwa kuchoka. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikamshikia mkono.