Siku Niliyopiga Marufuku Salamu

Nasimulia haya uso nimeuinamisha, maana hadi leo nikikatiza mtaa wa Makorora kuna madirisha yananiuliza, "Bwana Msimamizi, turuhusu tukusalimu?" nami najifanya natafuta kitu mfukoni.

Nilikuwa nimehitimu shule ya jioni, somo la biashara, na cheti nakibeba kwenye bahasha kila niendako, hata sokoni. Bi Mwanahawa, ambaye nilikuwa karani kwenye jiko lake la kupikia shughuli, alipata harusi ya Jumamosi ya watu elfu kumi (haya, mia nne) na wapishi wake wamesafiri. Akaniambia, "Shabani, nitafutie wapishi wanne kabla ya Ijumaa. Ukiweza, jiko unasimamia wewe. Ukishindwa, mwanangu, rudi kwa mama yako ukamkunie nazi."

Nikaketi na saa, nikagundua kinachokula muda kwenye usaili si maswali, ni salamu. Mtu wa pwani akiingia atakuuliza umeamkaje, nyumbani hawajambo, mama mguu umepoa, nawe umrudishie yote, na mkubwa ana shikamoo yake, mpaka hapo adhuhuri imeingia na hujui kama anaweza kupika wali. Basi nikaandika kwenye karatasi ngumu ya manila: MARUFUKU KUSALIMIANA. KETI, JIBU, ONDOKA. Atakayesalimu, nakata jina.

Jumatano foleni ilifika Pangani (sawa, ilifika kona ya msikiti). Wa kwanza akasoma manila, akaketi, akasema, "Asalaam aleikum." Nikakata. Wa pili akasema, "Najua umekataza, mwanangu, lakini hujambo?" Nikakata. Kufika wa kumi karatasi ya majina yote ni mikato mitupu, ila nikilegeza sasa, wale niliowakata si watanirudia mlangoni?

Ndipo akaingia Bi Tatu, mama aliyetoka kijijini Mkwaja, umri wa bibi yangu. Akasimama kimya akingoja shikamoo. Nami kimya, nangoja aketi. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

"Keti, jibu," nikasema.

"Nijibu nini, na wewe hujaniamkia?"

Nikamwonyesha manila kwa kalamu. Akaisoma taratibu, akageukia dirishani. "Jamani, huyu mtoto wa nani?"

Sauti tatu zikamtajia mama yangu, na nyumba, na rangi ya mlango.

"Mama yake namjua, ana adabu zake. Huyu kaharibikia hukohuko shule ya jioni." Akatoka, na foleni nzima ikamfuata. Jina lake nikalikata, nikabaki na viti.

Bi Mwanahawa alipokuja na kuiona karatasi, alikaa chini kwanza. "Bi Tatu umemkata? Huyo ndiye aliyenifundisha kushika mwiko." Kisha akasema polepole, na upole ule ndio ulionitisha, "Shabani, unadhani salamu tunacheza? Namuuliza mtu utokako hawajambo, ananiambia jana wametoka shughuli kwa fulani. Nishajua kapika wapi, na nani, na kama Jumamosi ana mgonjwa atakayemzuia. Wewe umejiziba masikio, halafu unasema unasaili. Nenda ukawarudishe, kabla sijaenda kumwambia mwenye harusi."

Alhamisi nikaanzia kwa mpwa wake Bi Tatu, alikofikia.

"Shikamoo, bibi."

Akageukia upande wa pili.

"Shikamoo, bibi."

"Naogopa kuitika, baba. Nisije nikakatwa."

Nilisimama pale jua kichwani, nikiwaza harusi bila wali na mimi na mbuzi ya nazi, mpaka adhana ya adhuhuri ikapita. Mwishowe akasema, "Marahaba. Haya, keti, jibu. Kumenya vitunguu unajua?"

Nikajibu najua. Akaniuliza habari za mama, za mguu wa mama, za cheti, na mimi nikamjibu yote na kumuuliza ya kwake moja baada ya jingine, na kwenye mazungumzo hayo hayo akanitajia wapishi watatu na nyumba zao. Kote nikapita, kote nikasailiwa.

Harusi ilishiba. Mimi nilikuwa uani na magunia matatu ya vitunguu (hapa siongezi), na kila mgeni aliyepita kunawa aliniona nalia.

Usimamizi alipewa Bi Tatu. Mimi nimeapa, nikiletewa mtu wa kusaili, saa naivua kwanza, nasalimu hadi kuku aliyekuja naye. Na ile manila bado ipo jikoni. Bi Tatu anapepelea moto.