Kisigino na Kiti cha Heshima

Alianza kwa kuigiza maiti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, shule ameiachia darasa la pili ili alee wadogo zake, na kikundi cha maigizo cha mtaani kilikuwa kinatafuta mtu wa kulala chini ya shuka bila kutikisika mpaka mchezo uishe. Akalala. Siku tatu alikuwa maiti mzuri sana. Siku ya nne, mwigizaji mkubwa wa kumlilia marehemu akakaukiwa sauti katikati ya kilio, watu wakaanza kuguna. Maiti akaketi, akajifunga shuka kiunoni, akajililia mwenyewe neno kwa neno hadi mwisho. Siku zote zile alikuwa amekufa mwili, masikio hayakufa. Mwongozaji wa wakati ule akasema maiti huyo asirudishwe kaburini.

Ndivyo alivyoingia, na hajatoka. Amecheza mama wakwe, walevi, mahakimu, hata askari mwenye masharubu ya mkaa. Kwenye ngoma alikuwa anapiga kisigino chini mara moja kabla mpigaji hajaanza, kama anayemwambia nifuate mimi. Basi wakamwita Kisigino. Mumewe, seremala, aliwahi kumtaka achague kati ya nyumba na jukwaa. Alimjibu kwamba nyumba ina mlango na yeye ana miguu. Seremala akanuna miezi miwili, kisha siku moja akaonekana ukumbini na nyundo, anapigilia mbao za jukwaa lililokuwa linayumba, akidai hawezi kulea watoto na mke aliyevunjika nyonga. Seremala ameshatangulia mbele ya haki. Jukwaa lipo.

Mwongozaji wa zamani alipofariki, Kisigino akashika nafasi yake. Hakuwahi kuandika mchezo hata mmoja. Watu wake walikuwa watu wa kazi, msusi, fundi baiskeli, muuza mitumba, hakuna mwenye muda wa kukariri karatasi. Yeye alimshika mtu mkono akamtembeza ukumbini: hapa dirishani unaomba, kwenye nguzo unakataa, mlangoni unalaani. Mtu akifika mahali pake, neno linamjia lenyewe mdomoni. Miaka thelathini hakuna aliyesahau.

Mwaka huu ukumbi ukapata mwenyekiti mpya wa kamati, naye ni mtoto wa kaka yake. Akamwita ofisini, kwenye kile chumba cha feni inayolia na kabati lisilofungika, akampa soda. Kisigino alipoiona tu ile soda akajua kuna jambo. Mwenyekiti akaeleza kwamba siku hizi kila mchezo lazima uletwe umeandikwa, na kwamba amepatikana mwalimu aliyesomea uongozaji. Kisigino mwenyewe atawekewa kiti cha heshima, safu ya mbele, chenye mto.

"Shangazi, umri umekwenda. Mcheza kwao hutunzwa."

"Nitunzwe nimekaa?" Kisigino akaisukuma ile soda. "Mimi niliyekufundisha kutembea, leo wewe unanifundisha kukaa."

Mwenyekiti akaangalia feni. Akasema kamati imekata shauri: mchezo ulioandikwa uletwe Ijumaa saa tisa, usipoletwa kikundi anachukua mwalimu. Kisigino akasema atauleta. Kilemba cha ukoka hakuwahi kukivaa ujanani, hakuona sababu ya kukivaa na mvi.

Ijumaa akaingia ukumbini na watu wake saba, mikono mitupu. Mwenyekiti akauliza mchezo uko wapi.

"Huo hapo," akasema Kisigino, "unavua viatu."

Lakini asubuhi ile ukumbi ulikuwa na mkutano. Viti vilikuwa vimegeuzwa, na meza ya kamati imesogezwa mpaka kwenye nguzo. Kisigino aliona, asitie maanani. Fundi baiskeli alianza vizuri pale dirishani. Kisha akatokea msusi, aliyekuwa mjane anayetolewa kwenye nyumba yake. Akatembea hatua tano, akasimama. Nguzo yake ilikuwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Mwalimu, aliyeketi na kamati, akainama, akaandika kitu kwenye daftari.

Kisigino akaitazama ile meza. Kosa lilikuwa lake, alilijua palepale. Miaka yote ile hakuwahi kujiuliza itakuwaje nguzo ikizibwa. Angeweza kumnong'oneza msusi lile neno, lakini hapo kamati ingekuwa imeshinda. Akapiga kisigino chini, mara moja.

"Nguzo haijahama, mwanangu. Nenda."

Msusi akaenda. Akajipenyeza kati ya meza na ukuta, faili zikaanguka, mwenyekiti akakunja miguu. Akaweka kiganja kwenye nguzo, juu ya kichwa cha mwenyekiti, na maneno yakaja.

"Sitoki. Nyumba hii nimeizeekea. Anayetaka nitoke anibebe, na aanze na miguu."

Wenzake wakamfuata kulekule, wakaizunguka meza, wakamgeuza mwenyekiti kuwa mwenye nyumba bila kumuuliza. Mama mmoja wa kamati akamgeukia kwa hasira akamwambia amwache mjane wa watu. Mwenyekiti akajitetea kwamba yeye hajasema kitu, na ukumbi mzima ukacheka, mwalimu naye.

Mchezo ulipoisha mwalimu alifunga daftari, akamuuliza Kisigino mambo kama yale yanaandikwaje. Akaambiwa aje Jumatatu, peku. Msusi naye akaambiwa pembeni kwamba kuanzia Jumatatu watafanya mazoezi uani pia, pasipo na nguzo wala dirisha, na asiulize kwa nini.

Mwenyekiti akatoa fomu ya kikundi. Palipoandikwa mwongozaji palikuwa wazi. Kisigino akashika kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja, taratibu kama anayechonga, kamati yote imesimama inasubiri. Hakuharakisha.

"Na kiti, shangazi? Tumeshakinunua."

"Kiweke pale kwenye nguzo, ukae wewe," akasema. "Ila miguu uikunje. Mchezo unapita hapo."