Chakula cha Mama Mkwe Kilichonikataa

Niliolewa Bagamoyo miaka michache kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, nikitokea kwetu Vigwaza, upande wa bara. Mume wangu alikuwa seremala, mtu mpole asiye na maneno mengi. Tulikaa nyumba moja na mama yake, mjane aliyesifika mtaa mzima kwa mapishi.

Fungate ilipokwisha alinipakulia kwa mkono wake mwenyewe: wali wa nazi, mchuzi wa changu na mchicha. Nilikula kwa hamu. Alasiri haijaingia midomo ikaanza kuniwasha, tumbo likanisokota, nikatapika mpaka nikawa natoa maji matupu. Mama mkwe alinishika kipaji cha uso huku akitabasamu.

"Mapema yote hii!" akasema.

Majirani wakaanza kunitazama tumbo. Baada ya mwezi ikajulikana kwamba sina mimba, na ugonjwa bado ninao.

"Basi ni samaki," mama mkwe akaamua. "Nyie wa bara hamkuzoea vya baharini."

Akaacha kununua samaki, jambo lisilo dogo kwa mtu wa Bagamoyo. Akanipikia kunde, maharage, mihogo, ndizi mbichi. Vyote vikanifanya vilevile. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe kwa zafarani, nikalinywa siku saba. Kwenye zahanati dresa, msaidizi wa daktari, alinipa dawa nyeupe ya chupa, akaniuliza kama maji ninayokunywa nayachemsha. Nikamwambia nayachemsha. Mume wangu, kila akitoka kazini, aliniletea kipande cha muwa au embe, maana aliona hivyo vinakaa tumboni. Alivifunga kwenye kitambaa chake chenye vumbi la mbao, nami nilivila na vumbi lake.

Nilikonda mpaka baba akaja kunichukua nikapumzike nyumbani. Kwa wiki mbili tu nikanawiri. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mtoto huyu hana ugonjwa," shangazi yangu alisema mbele za watu. "Ni huyo mkwewe. Ana mkono mbaya."

Kwetu, neno hilo maana yake ni uchawi. Haikupita wiki likafika Bagamoyo.

Nilidhani mama mkwe atakasirika, na ndoa yangu itakuwa imekwisha. Kumbe alipanda lori lililokuwa likipeleka chumvi bara, yeye ambaye hakuwahi kwenda mbali kuliko Mapinga, akaja Vigwaza na kikapu cha nazi za kuwazawadia wakwe zake.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umenenepa." Kisha akamgeukia mama yangu. "Dada, nimekuja kuona anakula nini huku ambacho kwangu hakipo."

Siku mbili alikaa jikoni kwa mama, akitazama tu. Siku ya tatu akaomba apike yeye, tule chakula cha pwani. Mchele ulikuwa wa mama, maji ya kisima chetu, chungu chetu, kuni zetu. Akakuna nazi zake, akapika wali. Shangazi alinikonyeza nisile. Nikala, kwa kuwa sikutaka kumwaibisha mtu aliyetoka mbali kwa ajili yangu. Haukupita muda nikawa nyuma ya nyumba, nimeinama. Aliyekuja kunishika kichwa alikuwa yeye.

"Mchele ni wa mama yako," alisema taratibu. "Maji ya kwenu. Chungu cha kwenu. Kilichotoka kwangu ni nazi na mkono huu." Akautazama mkono wake. "Wallahi, mwanangu, mimi mwenyewe sijui ni kipi."

Nilipopata nguvu akasema atapika tena, safari hii bila nazi. "Ukiumwa, nitakuacha kwa mama yako, na mwanangu nitamwambia akuache kwa wema."

Mama yangu alikataa katakata. Mimi nikasema nitakula. Sikuwa shujaa, nilimhurumia, na nilimtaka mume wangu.

Kwetu mboga tuliiunga kwa ufuta au karanga, si kwa nazi kama pwani. Mama mkwe alitwanga ufuta mwenyewe, akimuuliza mama kipimo kama msichana anayefundwa, akaunga kisamvu, akasonga ugali. Nikala yeye akinitazama, hakutia tonge kinywani. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia, akaenda kuswali, akarudi mbio.

"Vipi?"

"Sijambo, mama."

"Tumbo?"

"Limetulia. Nina njaa tena."

Akajifunika kanga usoni akalia. Kisha akaanza kucheka humohumo ndani ya kanga, na mama akacheka naye. Mama ndipo akakumbuka kwamba tangu utotoni nilikuwa nikirudi harusini, kunakopikwa wali wa nazi, na tumbo linauma. Yeye alidhani ni ulafi. Shangazi akachukua ndoo, akasema anakwenda kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Tulirudi Bagamoyo pamoja. Tangu siku hiyo jikoni kwetu palikuwa na vyungu viwili. Majirani waliucheka wali wangu wa mafuta, wakauita wali wa mgonjwa, naye akawajibu, "Mgonjwa mbona ananizalia wajukuu?" Nilizaa watano, na wote wanaila nazi bila shida yoyote. Harusini alikaa kando yangu na kunipigia kelele mbele za watu: "Hicho weka chini! Mleteeni pilau!" Niliona haya, lakini nilishiba.

Sababu ya nazi kunikataa hatukuipata. Miaka mingi baadaye, vita vimekwisha, daktari mmoja wa Dar es Salaam alitusikiliza mpaka mwisho, akasema kuna miili inayokataa chakula ambacho watu wengine wanakipenda. Akaniambia niache nazi.

"Nazi tumeshaiacha zamani, mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Tumekuja kuuliza kwa nini."

Daktari akakuna kichwa, akakiri kwamba hajui. Mama mkwe alimshukuru kwa kusema kweli. Tulipotoka nje alinishika mkono kuvuka barabara, ingawa wakati huo macho yake ndiyo yaliyokuwa mabovu, si yangu.